Historia ya Marehemu Ridhiwani Tahiri Mbonde, Msoma Maji wa Umwe na Mfuga Njiwa Wanaobingirika

Shekhe wetu, wazee, mama zetu mlioko ndani na mlioko uani, majirani wa hapa Kibiti, wageni mliotoka Umwe kwa gari na mliotoka Salale kwa boti tangu alfajiri, na watani wetu wa Dimani ambao tungependa mkae kimya dakika ishirini ingawa tunajua hamtaweza, familia ya mzee Tahiri Mbonde inawasalimu kwa salamu ya Kiislamu, na inawashukuru kwa miguu yenu.

Karatasi hii imeandikwa na mdogo wake marehemu, Hilal, na ndiye anayeisoma, si kwa elimu, maana elimu yake yote ni ya jikoni melini, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na alipoulizwa kwa nini asisome binti yake Nusaiba mwenye digrii, alijibu, kwa ulimi ambao siku hizo ulikuwa umeshakuwa mzito, "Nusaiba atalia. Hilal atasema upuuzi wake, watu watasikiliza." Humu ndani Hilal ataitwa Hilal tu, kwa kuwa historia ni ya marehemu, na bwana huyu akianza kusema mimi nilifanya hivi, mimi nilifika kule, maiti itazikwa kesho.

Katika agizo lake marehemu aling'ang'ania jambo moja, kwamba isomwe mbele ya watu wote, na hasa mbele ya watani wa Dimani, habari ya kifo cha baba yetu mzee Tahiri, ili ijulikane kuwa baba hakuwa mlevi, na Hilal ameahidi kulifikisha jambo hilo bila kuliangusha njiani, ingawa wanaomjua wanazijua ahadi zake.

Marehemu Ridhiwani alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, huko Salale, hatua chache kutoka kwenye mikoko, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tahiri Mbonde, aliyekuwa akisafirisha boriti kwa mashua yake mwenyewe, na bi Biasha binti Hemedy, mkulima wa mpunga. Kati yake na Hilal, aliyezaliwa mwaka 1972, walizaliwa watoto wengine watatu ambao Mwenyezi Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, ndiyo maana marehemu alimlea mdogo wake kama mtu aliyebeba yai mkononi, heshima ambayo yai lenyewe halikuistahili na limetumia miaka hamsini kulithibitisha hilo.

Alisoma shule ya msingi Salale kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari hapa Kibiti kuanzia 1976 hadi 1979, na walimu wake walimkumbuka kwa tabia ya kuhesabu, alihesabu ngazi, alihesabu makasia, alihesabu mara ngapi mwalimu wa historia amesema "kwa hiyo" katika kipindi kimoja, akamwonyesha hesabu hiyo, akachapwa, na zile fimbo nazo akazihesabu. Tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa kuwa msoma kipimo cha maji ya mto karibu na Umwe, kazi ambayo wengi wenu mliiona bila kujua ni kazi, mtu anashuka ukingoni saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, anautazama ubao wa chuma wenye namba uliosimamishwa majini, anaandika namba kwenye daftari, anaondoka, na kesho vivyo hivyo, masika na kiangazi, Idi na siku ya harusi yake, kwa miaka thelathini na mitatu. Wakulima wa bondeni walimfuata mto ukijaa, wakamwuliza, "Bwana maji, yatapanda tena?" naye akawajibu jibu lake la siku zote, "Mimi nayasoma tu, siyaamrishi," na baadhi yao walikasirika, wakaona anawaficha, maana mtu anayeyajua maji kiasi hicho anashindwaje kuyaambia "basi"?

Mwaka mmoja tu baada ya kuanza kazi hiyo alifiwa na baba, na hapa Hilal anawaomba mtulie, kwa sababu hii ndiyo sehemu yenyewe. Mzee Tahiri alipokaribia miaka arobaini alianza kutembea akiwa ametanua miguu, kama mtu aliye ndani ya mashua hata anapokuwa msikitini, maneno yakaanza kumtoka yakivutana, kikombe kikawa kinacheza mkononi, na watu wakaanza kuulizana kwa macho, kisha kwa midomo, gongo anaipata wapi. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Agosti 1983, mchana kweupe, maji yakiwa yametulia tuli, alisimama kwenye mashua yake ili afungue kamba, akaenda upande, akaanguka majini mbele ya watu wawili, na walipomtoa alikuwa ameshafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Katika mazishi hayo watani walifika kama walivyofika leo, na mtani mkuu, marehemu mzee Abdalah wa Dimani, alivaa kofia ya mzee Tahiri, akashika chupa tupu, akayumba njia nzima mbele ya jeneza, akipiga kelele, "Nishikeni! Tahiri mie, nishikeni, nchi inanikimbia!" na waombolezaji walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu ndiyo kazi ya mtani, kuwatoa watu machozi ya aina nyingine, na desturi haimruhusu mfiwa kumkasirikia mtani wala kumjibu. Mtoto aliyecheka kuliko wote alikuwa Hilal, mwenye miaka kumi na mmoja. Mzee Abdalah hakuwa na nia mbaya, aliigiza alichokiona, ila ile chupa ilibaki, haikuzikwa, na kuanzia siku hiyo Salale nzima, kisha Umwe, wakawa wanajua kuwa Tahiri Mbonde alikufa kwa ulevi, na wanawe wakaitwa watoto wa chupa. Mama yetu bi Biasha aliishi na jina hilo miaka kumi na tisa, akafariki tarehe 8 Oktoba 2002 akisema mpaka mwisho kwamba mumewe hakuwahi hata kunusa tembo la mnazi, na wanawe wawili wakimwitikia, "Ndiyo, mama," kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa alale.

Marehemu alifunga ndoa na bi Mwanawetu binti Nasibu siku ya Jumapili, tarehe 7 Mei 1989, huko Umwe, baada ya kusoma maji ya saa tatu na kabla ya kusoma maji ya saa tisa, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, Nusaiba aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1990, na Abdulkarimu aliyezaliwa tarehe 5 Januari 1994, ambaye ndiye huyu mnayemwona ameishika karatasi hii upande wa chini, kwa sababu ambayo tutaifikia.

Mwezi Desemba mwaka 1998 waliingia njiwa, na aliyewaingiza ni Hilal. Alikuwa mpishi wa meli, ameshafika Durban, Muscat, Karachi na Marseille, na kutoka miji yote hiyo alikuwa hajaleta nyumbani kitu cha maana zaidi ya maumivu ya kiuno, basi safari hiyo akashuka Dar es Salaam na boksi la biskuti lenye matundu, ndani yake dume jekundu lenye mabaka meupe na jike jeusi, aliowachukua Durban kwa kinyozi mmoja mzee aliyemwapia kuwa ni njiwa wa sarakasi, na Hilal, ili kumfurahisha kaka yake, akaongezea chumvi yake mwenyewe, kwamba wamefundishwa na mwalimu maalumu kwa miaka miwili.

Walifungiwa bandani wiki tatu ili wapazoee, kisha wakafunguliwa, dume akapanda juu ya minazi, akazunguka mara mbili vizuri, halafu mkia ukanyanyuka, mabawa yakapiga kofi, akapinduka kinyumenyume, mara moja, mara tatu, kisha akawa hahesabiki, akawa kama kitambaa kilichofungwa fundo kinachodondoka, na alipokaribia bati la jirani akafungua mabawa, akaruka zake kama hakuna lililotokea. Bi Mwanawetu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema, "Baba Nusaiba, njiwa wa shemeji wana kifafa!" na Hilal, aliyekuwa haamini macho yake kwa kuwa naye alikuwa hajawahi kuwaona wakiruka, akasema, "Nilijua! Yule kinyozi nitamtafuta," lakini marehemu aliingia ndani, akatoka na daftari.

Kuanzia siku hiyo aliwasoma njiwa kama alivyosoma maji. Kila kinda alifungwa mguuni uzi wa nyavu wa rangi yake, na kila alasiri, akitoka mtoni, marehemu alikaa kwenye kigoda, kichwa nyuma, akaandika nani kapinduka, mara ngapi, ameshuka kiasi gani, na nani amerudi juu. Aliona kuwa kinda huruka wima kama njiwa yeyote kwa miezi minne, mitano, hana hili wala lile, halafu siku moja hewani anaukalia mkia wake, kama mtu aliyeguswa begani, wiki inayofuata anapinduka mara moja, na baada ya hapo hakuna anayeweza kumrudisha alikotoka. Ili kumpima yule mwalimu maalumu wa Hilal, alichukua mayai mawili ya njiwa hao akayaweka chini ya njiwa wa kienyeji, ambao maishani mwao hawajawahi kupinduka hata kwa bahati mbaya, makinda yakaanguliwa na kulelewa na wazazi waliotulia, na yalipofika mwezi wa tano yote mawili yakapiga kichwangomba juu ya banda. Siku hiyo alimpigia Hilal simu iliyomkuta Karachi, akamwambia, "Hawakufundishwa." Hilal akauliza, "Akina nani?" "Njiwa. Mwalimu wako hayupo." "Mwalimu gani, kaka?" na marehemu akacheka mpaka laini ikakatika.

Akawachanganya dume wa kubingirika na jike wa kienyeji, makinda kumi na mmoja, wote wakaruka wima, na majirani wakampa pole kwamba sarakasi imekwisha, lakini yeye akawaoza wale kumi na mmoja wao kwa wao, na katika makinda ishirini na saba, saba wakapinduka, wengine mara moja moja, wengine mpaka karibu na ardhi. Alimweleza bi Mwanawetu kwamba jambo hilo halikuwa limekwenda popote, lilikuwa limekaa ndani ya wale waliotulia, limenyamaza, linangoja kukutana na mwenzake, na bi Mwanawetu akamjibu kuwa kwao Umwe hilo hata mama mkwe analijua bila kuandika daftari.

Kisha mwaka 2007 alifanya kosa ambalo hakujisamehe. Alikuwa na dume na jike, ndugu wa tumbo moja, wote wakibingirika kuliko njiwa wowote aliowahi kuwaandika, akatamani kuona mtoto wao atafika wapi, akawaweka banda moja, na makinda mawili waliyoyapata hayakufika popote, yalipotimiza miezi mitano kila yakijaribu kuruka yalibingiria pale pale uani, kinyumenyume, kwenye vumbi, mpaka yagonge ukuta, na ukiyagusa tu yanaanza tena. Mkewe alimwuliza kwa upole kama awakaange, akasema, "Kosa langu hilo, si lao," na tangu hapo, kila jioni, alipanda ngazi akiwa na njiwa wawili kifuani, akawaketisha juu ya paa pamoja na wenzao ili waone mbali kidogo, kisha kabla ya magharibi akapanda tena kuwateremsha. Ndipo alipoanza kutuambia jambo lililomsumbua, kwamba hata wale wanaoruka, waliozidi kubingirika, wakishakuwa wakubwa hawapendi tena kwenda juu, wanabaki kwenye bati, wanawatazama wengine, na wakifukuzwa wanaruka chinichini na kutua haraka. "Wanajua," alisema. "Hawapindukii raha, Hilal. Kinawajia, nao wanajua kinakuja."

Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka hamsini, marehemu alianguka kwenye ngazi ya kipimo cha maji. Aliinuka, akapangusa tope, akaandika namba, na katika daftari la mwaka huo namba hiyo peke yake imepinda. Kosa walilofanya nyumbani wote kwa pamoja, na ambalo labda wangelifanya wafuga njiwa tu, lilikuwa kudhani ni shingo, kwamba miaka kumi na tatu ya kutazama juu imemlegeza mishipa, kwa hiyo akakatazwa kutazama juu, akatengenezewa kigoda kifupi, akakandwa shingo kwa mafuta ya nazi, Hilal akatuma kutoka Muscat dawa ya kuchua yenye pilipili iliyomchubua ngozi, na marehemu akaendelea kuyumba akiwa anatazama chini. Bi Mwanawetu, aliyekuwa akiona mumewe anatembea huku ametanua miguu, akaamini kuwa amewatazama njiwa mpaka wamemwingia, na asubuhi moja ya mwaka 2013, marehemu akiwa kazini, akawatia kumi na wawili kwenye tenga, akaenda nao kwa boti hadi Salale, akawaachia huko, akarudi jioni amechoka, akakuta saba wamefika kabla yake na wamekaa juu ya paa, na wa nane anakuja akibingirika. Alikaa chini mlangoni na tenga lake tupu. Marehemu alimketia ubavuni, akamwambia, "Mama Nusaiba, hawa hawajanipa kitu. Mimi nilikuja nacho."

Alikuwa ameshakisia. Mwaka 2015, tarehe 30 Juni, aliacha kazi kwa maradhi, na mwezi wa Agosti Nusaiba akampeleka hospitali Dar es Salaam, ambako daktari, baada ya vipimo vingi, aliwaeleza kuwa ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoushikia mwili mizani ilikuwa inasinyaa, kwamba ugonjwa huu mtu huzaliwa nao, nao hukaa kimya hadi utu uzima, na dawa ya kuusimamisha hakuna. Marehemu akafungua daftari la njiwa juu ya meza ya daktari, akamwonyesha nyuzi zake na rangi zake, akauliza kama ni mambo yale yale, na yule daktari, Mungu ambariki, badala ya kumfukuza aliacha wagonjwa wanangoja, akasoma kurasa sita, kisha akasema, "Karibu sawa, mzee, ila kwa njiwa wako lazima kitoke kwa baba na kwa mama. Kwenu mzazi mmoja anatosha. Kila mtoto ni nusu kwa nusu." Marehemu akauliza, "Na nyie mnafanya nini?" Daktari akasema, "Tunausoma tu, mzee." Nusaiba anasema baba yake alimshika mkono yule daktari, akampa pole, kana kwamba mgonjwa ni yeye.

Waliporudi, hakulala kitandani kujililia, alifungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa jina la baba, Tahiri, na pembeni, kwa maneno machache, yote aliyoyakumbuka, miguu iliyotanuka, ulimi mzito, kikombe, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Kisha akatuita. Hilal alikuwa ameshaachana na meli, amerudi na kiuno chake, na marehemu akampa daftari asome kwa sauti, Hilal akasoma, akafika mwisho, akanyamaza, jambo ambalo waliokuwepo wanasema lilikuwa mara ya kwanza.

Alinyamaza kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo kaka yake hakulijua. Katika bandari zote hizo, Durban, Karachi, Marseille, kila alipokuwa mgeni katikati ya watu na akataka kupendwa, Hilal alikuwa na kisa kimoja ambacho hakikuwahi kumwangusha, kisa cha baba yake, baharia wa mikoko, aliyelewa mpaka akaanguka majini mchana kweupe, na alikuwa akiyumba mbele ya wenzake na chupa mkononi, akisema "nishikeni, nchi inanikimbia" kwa lugha nne, na watu walicheka, wakampenda. Miaka ishirini na mbili. Siku hiyo alimweleza kaka yake yote, na marehemu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi rudi kote huko ukaseme ukweli." Hilal akasema, "Nauli utanipa?" Marehemu akasema, "Anzia Dimani. Dimani nauli ninayo."

Wakaenda, mwezi Februari 2016, kwa bi Mwanaamina, binti wa mzee Abdalah, ambaye baada ya baba yake ndiye mtani wetu mkuu, na aliwapokea kama mtani, akamwona marehemu anashuka kwenye bodaboda akiyumba, akapiga kelele, "Mtoto wa chupa kaja na yeye amelewa, nileteeni ndoo!" Marehemu akakaa, akaletewa chai, nusu ikabaki kikombeni na nusu ikamwagikia magotini, akamweleza taratibu habari ya baba, habari ya njiwa, na habari yake mwenyewe, akamwomba kwamba siku yake ikifika watani wamfanyie yote, wamwige, wamtukane, wamzuie kaburini, ila wasije na chupa. Bi Mwanaamina hakuahidi. Alisema, "Mtani haagizwi, Ridhiwani," akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu sana kwa mtu aliyekwenda kuchukua sukari.

Miaka iliyofuata marehemu alipungua kidogo kidogo, akaacha kuandika mwaka 2019, akaacha kutembea mwaka 2021, na maji ya Aprili 2024 yalipoingia nyumbani Umwe alibebwa mgongoni na Abdulkarimu, akiwa ameshika njiwa wawili wasioruka, wajukuu wa wale wa mwaka 2007, akimwambia mwanawe namba ya maji kwa kutazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na hakukosea. Wakahamia hapa Kibiti, ambako alikaa barazani akisomewa hali ya njiwa na wajukuu. Mwezi Oktoba mwaka huu chakula kilianza kumpotea njia kooni, kikaingia kifuani, akapata homa ya mapafu, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na jana Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa nne na robo asubuhi, alifariki dunia, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na Hilal wa kushoto, wote wawili wakiwa na nguvu za kutosha lakini hawana la kufanya nazo. Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, wajukuu wanne, njiwa tisa wanaoruka na mmoja asiyeruka, ambaye ni mjukuu wa kosa lile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Kibiti na Dar es Salaam, hasa yule aliyesoma kurasa sita, majirani wa Kibiti waliotupokea tukiwa tumelowa na hawakuuliza njiwa ni wa nini, na wenzake wa kazini wa idara ya maji waliofika leo na kutuambia kuwa katika miaka thelathini na mitatu daftari la Umwe halina siku iliyorukwa. Tunamshukuru bi Mwanawetu, aliyejaribu kila kitu, hata lile tenga.

Kuhusu ile nusu kwa nusu, Nusaiba amesema atapima, Abdulkarimu amesema hapimi, na familia imewaacha kila mmoja na uamuzi wake, kwa kuwa hakuna aliyemzidi mwenzake akili katika hili. Hilal ana miaka hamsini na mitatu na tangu Ramadhani anaandaliwa chai nusu kikombe. Ndiyo sababu karatasi hii imeshikwa na watu wawili, vinginevyo maneno yangecheza na msingesikia kitu.

Mistari hii ya mwisho imeongezwa asubuhi ya leo. Watani wa Dimani walipoingia uani, kijana wao mmoja alitangulia akiyumba, na kwenye mfuko wa koti ilionekana shingo ya chupa, nasi tukainamisha vichwa, kwa kuwa mtani hazuiwi. Bi Mwanaamina alimfuata kwa nyuma, akaichomoa ile chupa, akampiga nayo kidogo kisogoni, akaitupa kwenye kichaka, kisha akatoa kikombe ndani ya khanga yake, kikombe cha bati, kimejaa chai, akakishika kama Ridhiwani alivyokuwa akikishika, kwa mikono miwili, akatembea miguu imetanuka kutoka getini mpaka kwenye jeneza, akimwaga chai njia nzima na kusema, "Msinishike! Mie Ridhiwani mwana wa Tahiri, nayasoma tu, siyaamrishi!" na watu wote wakacheka, bi Mwanawetu akacheka, Hilal akacheka kuliko wote kama mwaka ule, na alipofika kwenye jeneza kikombe kilikuwa kitupu. Akamgeukia Hilal, akamtazama mikono, akasema polepole ili asisikie mwingine, "Kikombe hiki nakitunza, mtani."

Kwa hiyo imesomwa, mbele ya watu wote: mzee Tahiri Mbonde hakuwa mlevi, alikuwa mgonjwa, na mwanawe Ridhiwani alikuwa mgonjwa, na wanaobaki watakuwa watakavyokuwa, nanyi mtawaona wakiyumba barabarani, basi waigeni mpendavyo, ila mje na kikombe.

Pumzika sasa kwa amani, kaka yangu, palipo tulivu, ukatazame juu kadiri unavyotaka.